Anayewafuata Pacha

Lewiston, Februari. Theluji imekaa dirishani
kama mdai asiyetaka chai.
Bibi Inamahoro ameuweka mguu juu ya kiti cha bluu
na mguu hausemi kitu:
sukari iliunyamazisha zamani,
ndiyo maana Desemba aliuegesha kwenye bomba la joto,
akasinzia, akaamshwa na harufu.

"Nikadhani jirani anachoma nyama," ananiambia.
Hilo silitafsiri. Halafu nalitafsiri,
maana niliapa: kila neno, hata la aibu,
lipite kwangu lisipungue.

Kiswahili chake cha bonde la Ruzizi, changu cha Lindi;
havikunyonya ziwa moja, ila vinasalimiana.
Daktari Thibodeau anasema jeraha sugu.
Mimi nasema donda ndugu.
"Ndugu kweli," anasema bibi. "Linakula kwangu, linalala kwangu,
na kuondoka halitaki."

Daktari anafungua mfuko. Ndani, kisahani.
Ndani ya kisahani, uji wa rangi ya waridi.
Juu ya uji, kitu chembamba kama utando wa maziwa.
Ngozi, anasema. Si yako, si ya maiti,
imeoteshwa maabara, ina siku kumi za kuishi
na leo ni ya nane.

Natafuta jina. Ngozi mbadala? La ofisini mno.
Ngozi bandia? Bandia ni meno, ni noti; hii iko hai.
"Ngozi ya kuazima," nasema, na bibi ananikata:
"Nguo ya kuazima haisitiri matako, mwanangu.
Mwenyewe ni nani?"

Daktari akajibu kwa sauti ya mtu anayesoma risiti,
nami nikabaki na neno kooni kama mwiba wa samaki.
Govi.
Nimwambieje mama mtu mzima?
Kwamba seli zilitoka kwenye govi la mtoto mchanga
aliyetahiriwa hospitali fulani, miaka mingi iliyopita,
zikagawanyika, zikagawanyika,
hata kipande cha ukubwa wa stempu kikatosha umati wa miguu?
Nikalitema. Nikaangalia theluji.

Kimya. Kisha kicheko,
kile kinachoanzia magotini:
"Jando lake limefika mguuni kwangu!
Ngariba hakutupa kitu!"
Akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Mama yake anajua?"
Daktari: sidhani.
"Na jina lake?"
Hakuna anayelijua.

"Nilizaa pacha," akasema, "Bukuru na Butoyi.
Kwetu anayewafuata pacha hukuta jina linamngoja: Ciza.
Mimi baada yao nilikimbia vita. Sikuzaa tena."
Akainama kuutazama ule utando,
daktari akiutoboa vitundu vya kupitishia maji.
"Basi Ciza. Mwambie aingie polepole."

Nikatafsiri.

Machi. Mto Androscoggin unavunja barafu yake
nyuma ya viwanda vya matofali vilivyokufa.
Bandeji inafunguliwa. Kingo zimesogeleana
kama majirani waliochoka kununiana;
katikati pamebaki pabichi, padogo kama kucha.
Thibodeau anapima kwa rula ya karatasi, anaandika, anapima tena.

"Ciza yuko wapi?"

Daktari anaeleza: seli zake hazionekani tena.
Hazikuja kukaa, zilikuja kuita.
Zilisema na nyama ya bibi kwa lugha yao
mpaka ngozi yake mwenyewe ikakumbuka kazi,
kisha zikapisha.
Natafuta namna ya kulisema hili
lisifanane na msiba.

Lakini bibi anamtazama daktari, si mimi.
Ananyoosha kiganja wazi, anakipuliza, kama mtu
anayepeperusha pumba.
Daktari anaitikia kwa kichwa.
Bibi anafumba kiganja kile kitupu, anakiweka kifuani.

Nimeshafungua mdomo.
Hakuna anayeningojea.
Natoka koridoni kujaza karatasi ya saa zangu:
kuingia, saa tatu na robo;
kutoka, natafuta kalamu.